Aya ya Darasa la Saba

Shuleni kwetu taarifa ya uongozi haisomwi mbele ya wazazi mpaka kwanza iwe imegongewa meza. Utaratibu huu hutaukuta kwenye kitabu chochote cha uongozi. Aliuanzisha baba yetu, ambaye hakuwa mwalimu wala mkuu wa chochote, alikuwa seremala. Mwaka ule mimi na kaka yangu tulipofungua shule nyumbani kwa wazazi wetu, darasa la kwanza likiwa sebuleni na la pili kwenye gereji, niliandika taarifa yangu ya kwanza nikamsomea baba kabla ya kuwaita wazazi. Nilipofika kwenye "majengo ya kisasa" aligonga meza kwa kifundo cha kidole, ngo ngo, kama alivyokuwa akigonga mbao asikie kama ina uwazi ndani. Nikafuta "ya kisasa". Nikaendelea, akagonga tena. Niliingia mle ndani na kurasa kadhaa nikatoka na nusu ukurasa, nimenuna, na kaka yangu hana mbavu kwa kucheka.

Baba alishatangulia mbele ya haki, na shule ilishahama sebuleni, lakini kugonga meza hatukuacha. Wiki moja kabla ya mkutano wa wazazi tunakaa wote kwenye chumba cha walimu: walimu, mpishi, dereva wa basi, mlinzi, dada wa usafi. Mimi nasoma. Yeyote anayesikia nimetia chumvi anagonga. Sentensi iliyogongewa naithibitisha hapohapo au naifuta, na hakuna kuwekeana kinyongo. Mimi kinyongo naweka, ila nakiweka kimyakimya.

Ni lazima niseme nina tabia gani, la sivyo hamtaelewa kilichotokea. Watoto wananiita Mama Redio, wanadhani sijui. Nazungumza sana, nazungumza haraka, na mtu akichelewa kumaliza sentensi yake namsaidia kuimaliza. Nyumbani kwetu tulilelewa hivyo, ukichelewa kusema umesemewa. Kaka yangu ndiye alikuwa bingwa. Alifundisha hesabu darasa la saba, na watoto walimpa jina la Mwalimu Risasi, kwa sababu alipoanza kueleza sehemu na asilimia ulitakiwa ujishike kwenye dawati.

Mwaka jana, asubuhi moja akijiandaa kuja kazini, kiharusi kilimwangusha bafuni. Wifi yangu ndiye aliyemkuta. Tulimlilia, tukamwombea, tukakesha naye hospitali kwa zamu. Nashukuru, na nitashukuru mpaka naingia kaburini, kwamba alirudi. Mguu ulirudi kidogokidogo, sasa anatembea kwa mkongojo. Akili haikuguswa hata kidogo. Mpe hesabu yoyote atakupa jibu, ataliandika kwa mkono wa kushoto. Ni ulimi uliobaki mzito. Maneno anayo yote, ila kila moja analitoa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kwenye kisima kirefu.

Nikawa namsaidia kuvuta. Siku moja nimefika kwake, nimesimama mlangoni napiga domo, akaniambia, "Chukua ki..."

"Kikombe?" Nikaleta kikombe.

Akatikisa kichwa. "Ki..."

"Kijiko! Kitambaa?" Nikavileta vyote viwili. Wifi yangu alikuwa jikoni, ameshika tumbo kwa kicheko.

"Kiti," kaka alimaliza hatimaye. Alikuwa ananikaribisha nikae.

"Wifi," mkewe akaniambia, "siku moja utamkatia mtu sala yake uimalizie wewe."

Tulicheka. Tulipofungua mwaka huu alisema anataka kurudi darasani, na mimi, kwa furaha ya kumwona amesimama tena kwenye ukumbi wa madarasa na chaki mfukoni, sikufikiria mara mbili. Nikampa darasa lake lilelile.

Darasa la saba ni darasa la mtihani, na wazazi wa darasa la mtihani hawalali. Haukupita muda mrefu, kundi lao la kwenye simu likawaka moto. Aliyeongoza ni mzazi mmoja tunayemwita Mkandarasi, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Tunamheshimu mwalimu," aliandika, "lakini binti yangu anasema kipindi kinaisha swali moja halijaisha. Mtihani hautawasubiri." Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Ni yeye aliyekuja na mafundi wake, mwisho wa wiki baada ya mwisho wa wiki, akatuezekea maktaba bila kutaka hata kuandikwa jina ukutani. Mtu wa namna hiyo akilalamika huwezi kumwita mchochezi. Na matokeo ya majaribio hayakunipa silaha ya kumjibu: hayakupanda, hayakushuka, yalikaa tu yanakutazama.

Mwenyekiti wa bodi akaniita. "Kaka yako ameijenga shule hii," alisema, "aondoke na heshima yake. Andika kwenye taarifa kwamba ameamua kupumzika. Kwa upole, wala usirefushe."

Nilikwenda kwa kaka jioni, tukakaa barazani. Nilizungumza kama kawaida yangu, mfululizo, macho yangu yakiwa kwenye miguu ya meza. Nikamwambia bodi inaona apumzike. Nikamwambia nitaandika kwamba ameamua mwenyewe, kwa hiari, ili asionekane amefukuzwa. Akaitikia kwa kichwa.

"Mi..." alianza.

"Mimi pia naona hivyo ni bora," nilimmalizia. Nikanyanyuka, nikamkumbatia, nikaondoka kabla machozi hayajanitoka. Yalinitoka nje ya geti.

Basi ikafika siku ya kugonga meza. Chai ilikuwa mezani, na kila mtu amekaa mkao wa kunisubiri nikosee. Kaka alikuwa kwenye kona yake karibu na dirisha, mkongojo ameuegemeza ukutani. Nikaanza. Nilisoma kuhusu maktaba, hakuna aliyegonga. Nikasoma kuhusu lishe bora yenye mboga na matunda kila siku, mpishi akagonga.

"Matunda ni zile siku yanapopatikana, Mama."

Nikarekebisha. Nikasoma kwamba basi la shule limefanyiwa matengenezo makubwa. Dereva akagonga kwa nguvu mpaka vijiko vikacheza. "Limefanyiwa maombi, Mama. Matengenezo bado."

Walicheka, nami nikacheka, kinyongo nimekihifadhi. Kisha nikafika darasa la saba. Nikakohoa, nikasoma: "Mwalimu wetu mpendwa wa hesabu, ambaye pia ni mwanzilishi wa shule hii, ameamua kwa hiari yake mwenyewe kustaafu mwishoni mwa muhula huu."

Halafu nikasikia, ngo ngo.

Niliinua uso kwa hasira. Nilimwangalia mpishi, mikono yake ilikuwa imeshika kikombe. Dereva alikuwa anatazama dari. Aliyegonga alikuwa kaka yangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya meza, umekunjwa ngumi, na alinitazama machoni.

"Si ulikubali?" nilimwambia. Nilisahau kabisa kwamba watu wapo. "Barazani kwako, si uliitikia kwa kichwa?"

Akafungua kinywa. Ningekuwa nyumbani ningekuwa nimeshamjibia. Lakini wafanyakazi wangu wote walikuwa wananiangalia, nikaona haya, nikanyamaza. Sitaki mnisifu, ilikuwa haya, si hekima.

"Ni...li...sikia," alisema. Akapumzika. "Siku...kubali."

Ndipo nilipoelewa. Kuitikia kwake kulimaanisha nimekusikia, na jibu lilikuwa linakuja nyuma. Mimi nilinyanyuka nikaondoka jibu likiwa bado njiani. Mtu nimelala naye kitanda kimoja utotoni, tumegawana kandambili, na sikumpa hata muda wa kuniambia hapana. Niliumia moyo, nikaiweka ile karatasi mezani.

Mpishi akasimama, akawaambia wenzake chai imepoa, twendeni jikoni kuna ya moto. Wakatoka wote, hata ambao hawanywi chai.

Nikavuta kiti nikakaa karibu yake. "Haya," nilisema. "Sema. Mimi sina haraka." Nilikuwa na haraka, ila niliuma ulimi.

Ilichukua muda. Alitaka kusoma ile aya mwenyewe, mbele ya wazazi.

"Aya gani?"

"Ya... darasa... langu."

"Kaka, wale watu watafika nyumbani kwao, watakula, watalala, wewe hujamaliza mstari wa pili!"

Akacheka, kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mimi sikucheka. Nilijua anajiingiza kwenye nini. Kwenye karatasi yangu angeondoka kwa heshima, hata kama ni heshima ya uongo. Akisimama pale mbele na ulimi ukagoma, kila mzazi ataona kwa macho yake kwamba Mkandarasi alisema kweli, na baada ya hapo hakuna bodi wala dada atakayeweza kumrudisha darasani. Nilimwambia hivyo bila kuficha. Akaitikia kwa kichwa. Safari hii nilimuuliza, "Umesikia, au umekubali?"

"Nime...sikia," alisema, akachukua mkongojo wake.

Nilimpigia mwenyekiti wa bodi, nikamweleza kwamba kaka anataka kusoma mwenyewe. Akasema, "Taarifa ni yako. Wazazi watajionea wenyewe." Sikujua kama ni ruhusa au onyo. Nilimwomba kaka anionyeshe anachoandika, akakataa. Nilimbembeleza wifi anichungulilie, naye akakataa. Wiki ile nilikuwa sionjeki, waulizeni walimu.

Siku ya mkutano, ukumbi wa chakula ulikuwa umesafishwa mpaka unanukia sabuni, viti vimebebwa kutoka madarasani, vingine vya watoto wadogo, kwa hiyo akina baba kadhaa walikaa magoti yakiwa karibu na videvu. Spika ilikoroma, fundi akaipiga kofi, ikatulia. Darasa la saba walikuwa wamekaa mbele kwenye mabenchi, maana ndio waliofungua kwa wimbo.

Nikasoma. Na niseme ukweli, katika miaka yote sijawahi kusoma taarifa kwa moyo mkunjufu kama siku ile, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo. Huenda ni kwa sababu yaliyobaki kwenye karatasi yote yalikuwa yamegongwa na kukutwa mazima. Niliwashukuru wazazi waliokuja kupaka rangi madarasa wakapaka na viatu vyao. Nilimshukuru muuguzi mstaafu wa nyumba ya jirani, ambaye hana mtoto wala mjukuu kwetu, lakini kila mtoto anayechubuka goti anakimbilia kwake kabla ya kuja kwangu. Niliwashukuru mabibi na mababu wanaokuja kila Ijumaa kukaa kwenye vigoda wakisomewa hadithi na watoto wa darasa la pili, wakijifanya hawajaisikia hadithi ileile wiki iliyopita. Nilisema kuhusu basi ukweli ulivyo, na dereva akapigiwa makofi kuliko mtu yeyote. Nilimtaja Mkandarasi na paa la maktaba, nikamshukuru kwa jinsi nilivyohisi, kwa dhati. Alisimama kidogo akaangalia viatu vyake, akakaa.

"Darasa la saba," nilisema. "Aya hii ataisoma mwalimu wao."

Kaka alisimama. Kutoka kwenye kiti chake mpaka kwenye maikrofoni si mbali, ila niliona wazazi wakiangaliana njia nzima. Alikuwa amevaa lile koti lake la harusi za watu. Hakuwa na karatasi. Akaegemea mkongojo, akatazama ukumbi, akaanza.

"Mwaka... huu..."

Mtu akakohoa. Mtoto mchanga akalia, akatolewa nje.

"Darasa... la... saba..." Akavuta pumzi. "Li...me..."

Akakwama. Niliona shingo yake ikijikaza. Kimya kilikuwa kirefu, viti vikaanza kulia. Na Mkandarasi, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayemshika mkono mzee kwenye ngazi, akamsaidia kwa sauti: "Limefaulu!"

Kaka akatikisa kichwa. "Lime..."

"Limejitahidi!" mama mmoja alisema.

"Limechelewa!" sauti ya nyuma ikadakia, na watu wakacheka, wengine wakamshushua. Kila mmoja sasa alikuwa na neno lake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na langu, "limefanikiwa", limeshafika kwenye meno, na nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye maikrofoni. Jasho lilikuwa linamtoka kaka yangu kwenye paji la uso. Nilisogea ili nimwokoe.

Ndipo binti wa Mkandarasi alipogeuka kwenye benchi la mbele. Hakusimama, wala hakupaza sauti. Alimwambia baba yake jambo dogo, kama mtu anayemweleza mgeni mahali pa kuacha viatu.

"Baba, sisi huwa hatumsaidii. Huwa tunasubiri."

Kisha akageuka tena mbele. Niliwatazama wale watoto. Walikuwa wamekaa wametulia, mikono magotini. Hakuna aliyekunja uso, hakuna aliyemhurumia. Walikuwa wanamsubiri mwalimu wao amalize, kama walivyomsubiri jana na juzi. Mkandarasi akafunga mdomo, yule mama akafunga wake, na mimi nikabaki pale nilipokuwa nimefika, nusu ya njia, nikaliacha neno langu lirudi lilikotoka. Viti vikaacha kulia.

"Limeni...," alisema kaka yangu. "Limeni...fundisha... kusema."

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani hatukuwa tumejua kama amemaliza, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaka kumaliza kwa niaba yake. Nilikuwa nimemwona kaka huyu akitoka hospitali hawezi kutamka jina la mkewe. Nilijua anasema vizuri zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita, na nilidhani ni dawa, au ni mazoezi, au ni sisi. Sisi nyumbani tulikuwa tunamnyang'anya kila neno mdomoni kwa mapenzi. Hawa watoto, asubuhi baada ya asubuhi, walikuwa wanamwachia. Kipindi kilikuwa kikiisha swali moja halijaisha, ni kweli kabisa, Mkandarasi hakuongeza chumvi. Lakini kulikuwa na somo lingine humo ndani, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa amelipangia ratiba.

"Asan...teni," kaka alisema, akiwatazama watoto, si sisi. Nao wakaitikia kama wanavyoitikia kila siku kipindi kikiisha, wote kwa pamoja, "Asante mwalimu," na wifi yangu akatoa kanga akajifunika uso.

Nililia mbele ya wazazi wote. Sikuona haya, nilikuwa nashukuru. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru wale watoto mmoja mmoja moyoni mwangu, hata yule mtundu aliyevunja kioo cha ofisi yangu.

Nilipopata sauti nikauliza kama kuna mzazi mwenye swali kwa uongozi. Nilijua ni nani atakayesimama. Mkandarasi alinyanyuka taratibu kwenye kile kiti cha mtoto, akanyoosha suruali yake.

"Nilikuja na swali," alisema. "Nimeliacha. Nina jingine." Akatazama pale mbele. "Mitihani ya la saba bado haijafika, na kuna muhula mwingine mzima. Mwalimu atakuwepo?"

Swali lilikuwa la uongozi, na uongozi ni mimi. Mwenyekiti wa bodi aliniangalia, akainua mabega, akaniachia. Nilifungua mdomo nijibu, maneno yote yako tayari, mengi na mazuri. Nikaufunga. Nikamgeukia kaka yangu, nikampa maikrofoni, na ukumbi mzima tukasubiri.

"Nipo," alisema.